Dakika Hamsini za Kwenda Iringa

Wiki iliyopita binti wa mdogo wangu, Neema, alikuja kunisalimia. Amepata kazi ya kuuza tiketi za ndege hapa mjini Mbeya, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka hakai. Kabla hata chai haijachemka akanisogezea simu.

"Mama mkubwa, ona. Nimeiuliza kutoka uwanja wa Songwe hapa kwetu mpaka uwanja wa Nduli kule Iringa ni umbali gani. Imejibu hapohapo. Kilomita kama mia tatu, dakika hamsini angani."

"Na ndege yenyewe ipo?" nikamuuliza.

Akaitazama simu tena. Simu ilikuwa haijasema.

Nilimcheka mpaka akanuna, na alipoondoka nikabaki najiuliza nimemcheka nani. Maana kwa miaka ishirini na saba, simu hiyo nilikuwa mimi. Mtu alikuja dirishani, akauliza, nami nikajibu hapohapo. Kwa hiyo nimekaa kuandika haya kwa ajili ya Neema na wenzake wote mnaoanza kazi hii. Mkiyasoma mkiwa mnakula, sawa tu. Ila msinipakie mafuta kwenye karatasi.

Kwanza mnijue. Nimeuza tiketi za ndege miaka ishirini na saba na sijawahi kupanda ndege hata mara moja. Msishangae. Mwoka mikate hajalazimishwa kulala ndani ya tanuri. Nafasi nilipewa, kila mwaka tiketi moja ya bure, na kila mwaka nilimpa shemeji yangu, ambaye alirudi na picha za bahari na kuniita mshamba. Mimi ni mtu wa nyumbani kwangu. Napenda kulala nikijua ufunguo wa stoo uko wapi. Safari yangu ndefu ilikuwa ya kwenda kwetu Igowole, huko Mufindi, tena kwa misiba tu, na nilirudi na basi la kwanza. Elimu yangu ni kidato cha nne, na cheti changu kina alama ya Jiografia ambayo sitaitaja mbele ya watoto.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sanga, mkuu wa ofisi wa kwanza. Alikuwa na ramani ya Tanzania ukutani na uzi mweusi wa kushonea, mwisho mmoja umefungwa kwenye pini. Abiria akitaka kujua umbali, mzee alichomeka pini Mbeya, akavuta uzi mpaka Iringa, akaupima kwa rula. "Huu uzi," aliniambia, "unapita juu ya mbuga za Usangu, hauna habari na mtu. Barabara inateremka mpaka Igawa, inazunguka Makambako, inapanda Mafinga, ndipo ikumbuke kwamba ilikuwa inakwenda Iringa. Usije ukamuuzia mtu uzi akadhani amenunua safari."

Tena alikuwa na sheria moja iliyonichekesha sana. Abiria akimuuliza ndege inachukua dakika ngapi, hakujibu kwa dakika. Alijibu kwa mlo. "Chai utakunywa hapa Mbeya. Chakula cha mchana utakula Iringa." Ndege ikichelewa sana alisema, "Iringa utakula cha jioni, na leo ubebe mkate." Nilimwona mzee wa kizamani. Mimi nilitaka kusema dakika hamsini. Lilikuwa neno tamu mdomoni. Ukilitamka, mtu aliyetoka kusota na basi kwa saa saba alikutazama kama wewe ndiye uliyeitengeneza ndege.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Ndege ya viti kumi na viwili, injini moja puani, ilitoka Dar es Salaam mara tatu kwa wiki, ikatua Mbeya, halafu ikarudi Dar kwa kupitia Iringa. Huku Mbeya tulibaki watu watatu baada ya Mzee Sanga kustaafu: mimi, mwenzangu wa mizigo, na dereva Ambakisye, kijana wa Tukuyu aliyekuwa na maneno mengi kuliko petroli. Asubuhi niliuza tiketi mjini, kisha nilipanda gari na abiria wangu mpaka uwanjani, nikawapima, nikawapakia, nikawapungia mkono.

Ndiyo, nikawapima. Ndege ndogo hupima kila kitu, na abiria naye ni kitu. Tulikuwa na mizani ya chini, ya aina ile ya kupimia magunia. Siku moja mama mmoja wa Uyole alipanda juu yake, sindano ikakimbia, nami kwa ushamba wangu nikasoma kwa sauti. Uwanja mzima ukasikia.

"Mizani yenu mbovu," akasema. "Nyumbani mimi ni kilo sabini."

"Nyumbani una mizani, mama?"

"Nina mume. Na hajawahi kulalamika."

Kuanzia siku hiyo nikajifunza kuandika kilo bila kutikisa midomo, na karatasi anaiona rubani peke yake. Jifunzeni na nyinyi. Halafu mjue kwamba abiria wa Mbeya anapanda mizani bila koti, ila kwenye ndege anapanda na koti, na mifukoni mwa koti mna maparachichi ya kumpelekea dada yake. Ongezeni kilo mbili bila kuuliza.

Jambo lingine ni ukungu. Taarifa rasmi za hewa tulikuwa tukizipata, sikatai, lakini mimi nilikuwa pia nampigia mwenzetu wa Nduli, Mhehe mmoja mwenye utaratibu wake wa kujibu.

"Kamwene. Hali ya huko?"

"Kamwene. Nawaona ng'ombe."

Ng'ombe hao walilishwa ng'ambo ya uzio, mwisho kabisa wa uwanja. Akiwaona wote, kweupe. Akiona wawili, subirini. Akisema "nawasikia", nenda kawaambie abiria wanywe chai.

Sasa niwaambie siku yenyewe. Hatukuwa tena kwenye uwanja wa zamani wa mjini, tulikuwa tumeshahamia Songwe. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua za kumalizia, asubuhi zenye unyevu hata nguo zilizoanikwa jana zinakungoja zikiwa mbichi vilevile.

Nilifika kufungua ofisi saa moja kasoro kidogo. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Bakari, mwenye duka la vitambaa Sokomatola. Nilimfahamu, kanga zangu zote zilitoka kwake. Watu wake walifika bara zamani wakitokea pwani, wakafanya biashara, wakaota mizizi Mlandege pale Iringa mjini. Yeye alihamia Mbeya akiwa kijana. Alikuwa amevaa kanzu na koti, mkononi mfuko mdogo.

"Shikamoo mzee wangu. Mbona mapema?"

"Marahaba, binti yangu. Mama amefariki alfajiri hii."

Nikampa pole, nikafungua mlango, nikampa kiti. Hakukaa.

"Basi la saa moja bado lipo stendi, nimelipita," akasema. "Nimekuja kukuuliza wewe. Leo ndege ya Iringa ipo?"

"Ipo. Saa nne na nusu."

"Inachukua muda gani?"

Hapa ndipo ningependa muda urudi nyuma, vijana wangu. Leo ningemuuliza, mzee, huko uendako nani anakungoja, na anakungoja mpaka saa ngapi? Hili ndilo swali la kwanza la kazi hii na halimo kwenye fomu yoyote. Siku ile sikumuuliza. Nilimjibu vile nilivyopenda kujibu.

"Dakika hamsini."

"Na basi linachukua muda gani?"

"Saa saba nzima, mzee wangu! Na wewe na magoti yako. Ya nini kuteseka? Saa tano na nusu hivi utakuwa Nduli."

Tukasikia honi ya basi likitoka stendi. Akakaa kwenye kiti.

Nilichukua namba ya dada yake wa Iringa, Bi Mwanaidi, nikaiandika kwenye kitabu cha ofisi, nikampigia kwa simu ya ofisi. Nikamwambia kaka yako anakuja na ndege, mtu aende kumpokea Nduli. Akasema asante sana. Niliweka simu chini nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Sasa eleweni kosa langu lilipokaa. Mimi ni Mlutheri wa Igowole. Kwetu mtu akifariki Jumatatu, kuzikwa ni Alhamisi au Jumamosi. Anangojwa wa Dar, anangojwa wa Morogoro, anangojwa mpaka yule ambaye kila mtu anajua hatakuja, maana akija akakuta mmeshazika mtagombana miaka kumi. Kwetu marehemu hana haraka, mwenye haraka ni mpishi. Nilikuwa nimeishi na Waislamu mjini Mbeya maisha yangu yote ya kazi, nimekula pilau zao za Idi, najua kabisa kwamba wao wanazika siku hiyohiyo. Nilijua, lakini asubuhi ile ujuzi huo haukuja ofisini. Nilimwona mzee amefiwa, na kichwani mwangu msiba una siku tatu.

Tulipofika Songwe hatukuiona Songwe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja kama blanketi la shule. Saa tatu rubani alipiga simu kutoka Dar: haondoki mpaka Songwe pafunguke. Abiria wengine walinung'unika. Nikamwendea Mzee Bakari kumtuliza.

"Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Hata ikishindikana leo, keshokutwa ipo nyingine."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Keshokutwa? Binti yangu, mama anazikwa leo. Walikuwa wamzike baada ya sala ya Adhuhuri. Wamesogeza mpaka Alasiri kwa sababu wewe umewaambia kuna ndege."



Nikapiga hesabu pale pale, mkono kwenye mizani. Alasiri ni kama saa kumi. Ndege ikitoka Dar inahitaji saa mbili na zaidi kufika kwetu, na haijawasha injini. Saa ilikuwa inakwenda tatu na nusu. Kwa gari, mwendo wa saa sita, labda sita na kidogo. Inawezekana. Nikamwita Ambakisye.

"Mafuta yapo?"

"Yapo nusu, Mama. Tunakwenda wapi?"

"Iringa."

"Mama, nani anakwenda Iringa?"

"Mimi."

Akacheka, akidhani namtania. Alipoona nimeshapanda, akaacha kucheka. Gari lilikuwa la ofisi, ruhusa sikuomba. Karatasi za abiria nikamwachia mwenzangu wa mizigo. Nilikuwa nimevaa sweta na viatu vya wazi, na nyumbani kwangu nilikuwa nimeacha maharage yameloweka. Mzee Bakari alikaa mbele, mimi nyuma.

Mpaka tunapita Chimala mzee alikuwa kwenye simu. Simu yake ilikuwa inaita kila dakika, watu wanampa pole, naye anajibu kila mmoja, inshallah, inshallah, tumo njiani. Halafu ikanyamaza. Akaigeuza geuza, akaiweka mfukoni.

"Baba nilimshusha kaburini mimi," akasema, bila kugeuka. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mimi na amu yangu tuliingia chini tukampokea. Mama alisimulia jambo hilo kila nilipokwenda kumwona. Ananiambia, na mimi utanishusha wewe, Bakari, hawa wengine wana papara." Akausogeza mfuko wake magotini. "Sina jingine ninalolitaka leo. Nifike kabla hawajamshusha."

"Utafika, mzee," Ambakisye akasema, akakanyaga mafuta.

Karibu na Igawa lori la mahindi lilikuwa limelala kukata barabara. Magari yamefunga mstari, na wauza mchele wameshapata soko, wanapita dirisha hadi dirisha. Mama mmoja aliweka sado ya mchele karibu na pua yangu.

"Mchele wa Mbarali, mama, haujachanganywa, naapa."

"Dada, tuna msiba."

"Poleni. Mnazika lini?"

"Leo Alasiri. Iringa."

Akashusha sado. "Leo? Na mmekaa hapa?" Akageuka akaita kwa Kisangu, vijana wawili wakaja, wakatutoa kwenye mstari, wakatuongoza kwa njia ya nyuma ya maghala, kwenye matope ambayo Ambakisye peke yake angeyaogopa. Tulitokea mbele ya lori. Lakini hapo palikula saa nzima.

Baada ya Makambako ndipo Mzee Bakari alipouliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifariji tu:

"Ulipowapigia kwamba nakuja na gari, walisema watanisubiri hata nikichelewa kidogo?"

"Kuwapigia akina nani?"

"Nyumbani. Si ulimpigia Mwanaidi?"

"Nilimpigia asubuhi, kusema unakuja na ndege. Hii ya gari... mzee wangu, si ulikuwa unaongea nao njia nzima?"

"Wale walikuwa watu wa Mbeya. Wateja."

Ambakisye akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo.

Mnaelewa? Yeye alidhani nimepiga mimi, mimi nilidhani amepiga yeye. Simu yake imekufa, na namba zote zimo humo. Namba ya Bi Mwanaidi ipo kwenye kitabu, kitabu kipo ofisini, ofisi imefungwa, ufunguo uko kwenye mfuko wa sweta langu. Nilikuwa na namba moja tu ya Iringa kichwani. Nikampigia yule Mhehe wa Nduli, na kwa mara ya kwanza sikuanza na salamu.

"Ndege yetu imefika huko?"

"Imefika. Saa nane kasoro dakika ishirini. Ukungu wenu ulifunguka, wakaruka haraka. Imeshaondoka kwenda Dar." Kisha akaongeza, "Kuna bwana alikuja kumpokea mjomba wake. Kasimama hapa mpaka mtu wa mwisho ameshuka. Kaniuliza, huyu mzee yuko kwenye orodha? Nikamwambia yupo kwenye orodha, kwenye ndege hayupo."

"Mkimbilie! Mwambie yupo njiani na gari!"

"Kaondoka na pikipiki, dada. Nusu saa sasa."

Hesabu yake niliifanya njia yote kutoka hapo mpaka Mafinga, na hainisumbui kuwaonyesha ujinga wangu, kwa kuwa nimeukariri. Siku ile kulikuwa na vyombo vitatu vya kwenda Iringa. Basi aliloliacha kwa ushauri wangu lilikuwa limeshafika saa nane, abiria wake wameshakula. Ndege niliyomtoa kwa ushauri wangu ilikuwa imeshafika na kiti chake kitupu. Chombo cha tatu kilikuwa hiki chetu, na mimi ndiye niliyekichagua. Laiti ningekaa kimya mara moja tu kati ya zile mara mbili, mzee angekuwa Mlandege. Na ubaya zaidi ni kwamba wenyewe sasa hawamngoji. Wangejua yuko Mafinga, wangengoja nusu saa, nani angekataa? Lakini wao wana habari kutoka kwenye chanzo cha kuaminika, ndege yenyewe, kwamba hakuja.

Nilitaka kumwomba radhi pale garini. Nikafungua mdomo, nikaona shingo yake kwa nyuma, jinsi alivyokuwa anaegemea mbele kama anayelisukuma gari, nikafunga mdomo. Kuna radhi nyingine zinaombwa ili mwombaji apumue. Nikaona nikae na yangu.

Tulipanda mjini Iringa kutoka Ipogolo saa kumi na dakika kumi na tano. Mlandege, kwenye kichochoro cha kwao, tulikuta viti vimepangwa uani kwa jirani na hakuna mwanamume hata mmoja. Hapo hata mgeni anajua. Mwanamke mmoja kwenye baraza akamwona mzee akishuka, akapiga kelele:

"Kaka Bakari! Wametoka sasa hivi! Wamemaliza kumswalia, wanakwenda makaburini! Kimbia!"

Mzee hakukimbia, alirudi garini, nikashuka mimi ili nisiwacheleweshe. Ambakisye akageuza gari kwa namna ambayo sitaisimulia mbele ya trafiki. Moshi ukabaki, na mimi ndani yake, na sweta langu la Mbeya.

Yule wa kwenye baraza alikuwa Bi Mwanaidi mwenyewe. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye wa ndege?"

"Ndiye mimi. Shikamoo dada."

"Marahaba. Mwanangu kaenda Nduli. Kahesabu watu saba wakishuka."

"Najua. Kosa ni langu. Alikuwa barabarani, nikasahau kuwaambia."

"Ukasahau."

"Nikasahau, dada."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliingia ndani akatoka na kanga, akanipa nijifunike kichwa, akasema, "Haya, ingia ukae. Mtu hasimami nje ya msiba."

Nikaketi mkekani na wanawake. Walikuwa wanasoma Kurani, na mimi sijui kusoma yale, nikainamisha kichwa. Bibi mmoja pembeni akaniuliza kwa Kihehe natoka wapi, nilipomwambia Igowole akasogea ili niegemee ukuta. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo mule ndani hakuna aliyejua kinachotokea huko, na mimi mwenye kazi ya kujua nani amefika wapi saa ngapi nilikuwa najua kidogo kuliko wote. Makaburi ni mbali kiasi gani? Sikuthubutu kuuliza. Wanatembea na jeneza mabegani, wanapokezana, kwa hiyo wanakwenda haraka, watu wanaobeba jeneza huwa hawakawii. Gari lina kasi, lakini litawapitaje watu wote wale kichochoroni? Atashuka. Atatembea. Na magoti yake. Niliwaza dakika moja moja, kila moja na uzito wake, na hakukuwa na mizani.

Kisha wanaume wakarudi. Tukasikia kwanza viatu, halafu sauti za chini, halafu viti. Bi Mwanaidi akainuka kwenda mlangoni, akasimama pale. Nami nikainuka nyuma yake, bila kualikwa.

Mzee Bakari alikuwa anaingia uani akiwa wa mwisho, Ambakisye kamshika kiwiko. Kanzu yake ilikuwa nyekundu magotini. Mikono ameishikilia mbele kidogo ya mwili, mbali na nguo, kama mtu aliyeokota kitu kwenye moto, na yote miwili, mpaka juu ya vifundo, ilikuwa na udongo.

Dada yake akamwita kwa jina lake tu. Yeye akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesafiri naye, nadhani, na kwa hiyo mimi ndiye wa kupewa habari.

"Kumshusha sikuwahi," akasema. "Walikuwa wameshapanga mbao juu yake." Akaitazama mikono yake. "Kumfukia nimewahi. Walinipisha, nikaanza mimi."

Pembeni ya mlango palikuwa na birika na beseni la kunawia wanaorudi. Nikalichukua birika, kwa vile mikono yangu ilihitaji kazi, nikamsogelea, nikaliinamisha.

"Ngoja kwanza, binti yangu," akaniambia.

Nikaliinua birika. Akabaki amesimama pale uani, ameishikilia mikono yake vilevile, watu wakimpita kwenda kukaa, na mimi mbele yake na maji, nangoja.